Poda Juu ya Injini

Asubuhi ile Haidari hakungoja chai. Alitoka kwake Majengo akakata vichochoro hadi Shauri Moyo, kwenye kiwanja alichokodi nyuma ya nyumba za baraza la jiji, akapiga magoti kando ya gari jekundu na kuchungulia chini. Jana jioni, baada ya kuliendesha mpaka Buruburu na kurudi, alitandika katoni chini ya injini. Sasa katoni ilikuwa na doa jeusi lenye upana wa sahani.

"Niaje, Haidari," alisema Omolo, fundi wa kiwanja cha jirani, huku akisukutua mdomo. "Ng'ombe wako bado anakojoa?"

Haidari alijilaza ubavu. Aliingiza mkono chini, akapapasa pale injini inapokutana na giaboksi. Vidole vilirudi vimelowa oili. Ni palepale. Wiki iliyopita alikuwa ameteremsha giaboksi nzima, akatoa sili ya nyuma, ile pete ya kuzuia oili, na kutia mpya, akafunga kila kitu kwa mkono wake. Alikuwa na yakini.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la zamani, la viti viwili na upenyo mwembamba nyuma yavyo wa kutupia mkoba. Lilikuwa la marehemu Dishon Masinde, karani wa reli, rafiki yake Haidari tangu ujanani. Dishon alilipata likiwa gofu, limegongwa, kuku wametaga ndani yake. Wawili hao walilifufua kiwanjani hapo kila Jumamosi, Dishon akishika tochi na kuzungumza bila kukoma, hadi likaweza kunguruma. Lakini Dishon hakulifaidi sana. Homa ya ini ilimchukua kabla hajaliendesha hadi kwao Kimilili, kama alivyomwahidi mamake.

Jumamosi hii ingefanywa sala ya kumbukumbu ya mwaka. Mjane wake, Lenah, alitaka kufika kwa gari hilo. Mara ya kwanza alijaribu kwenda mapema, akaishia Limuru: alisimama, akaona oili inadondoka, akageuza. Tangu siku hiyo Haidari hakutulia. Usiku alijigeuza kitandani mpaka mkewe, Waridi, akamwambia akalale sebuleni na injini yake.

Lenah alifika jua likianza kuchoma. Alikuwa muuguzi, na alitoka zamu moja kwa moja, sweta limevaliwa juu ya sare. Alisimama, akatembea hadi ukutani, akarudi, akasimama tena.

"Shemeji, habari ya mgonjwa?"

"Amekataa dawa," Haidari akasema.

Alikuwa ameliwasha. Injini ilinguruma taratibu, na chini yake katoni mpya ilikuwa kavu. Waliitazama pamoja kwa muda mrefu. Hakuna tone.

"Omolo anasema injini yote ishuke," Haidari alisema. "Nikianza leo, hatumalizi kabla ya Jumamosi. Nisipoanza, utaishia njiani."

"Mbona sasa halivuji?"

"Ndiyo hiyo inayonikosesha usingizi."

"Limuru lilivuja nikipanda mlima," Lenah alisema. "Hapa Jogoo Road, polepole, sikuona kitu."

Haidari alizima injini. Aliinua kichwa, akamwangalia, kisha akaanza kuzunguka gari akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alikuwa akitazama mahali oili inapodondokea. Oili haidondoki inapotokea. Hufuata chuma, husukumwa nyuma na upepo, ikipata ukingo ndipo inaachia. Na yeye injini yenyewe hakuwahi kuiosha. Ilikuwa imevaa uchafu mweusi wa miaka mingi, tone jipya lingejulikanaje humo?

"Nitaiosha," alisema. "Halafu nitaipaka kitu cheupe, na tutaikimbiza barabarani. Ikilowa, nijue imeanzia wapi."

Aliosha kwa petroli na brashi ya meno, akamwagia maji, akaikausha kwa matambara. Kazi hiyo ilimlia sehemu kubwa ya asubuhi. Chuma kilipoanza kuonekana, alivuka mbio hadi nyumbani na kurudi ameshika mkebe. Nyuma yake alikuja Waridi, leso kichwani, amekasirika.

"Mama Nerima, mwambie shemejio arudishe poda yangu," alimwambia Lenah. "Injini itanukia, mimi ninuke jasho?"

Lenah alicheka kidogo, kisha akanyamaza ghafla kana kwamba amefanya kosa. Waridi aliliona hilo. Alikaa juu ya tairi kuukuu kungoja poda yake, lakini macho yake yakawa kwa Lenah.

Haidari aliipaka injini poda kote, ubavuni, nyuma, chini, mpaka ikafanana na maiti aliyetayarishwa. Yeye na Lenah wakaingia, Lenah kwenye usukani.

"Gia ya pili," Haidari alisema walipofika Jogoo Road. "Kanyaga. Usiihurumie."

Gari lilipiga kelele. Watu waliokuwa wakitembea kando ya barabara waligeuka. Haidari alishika mlango kwa mkono mmoja na goti lake kwa mwingine, goti likiruka. Walifika njiapanda, wakaingia Outer Ring Road, na walipokaribia Donholm alimwambia asimamishe, kando ya shamba la mahindi lililopakana na nyumba mpya ambazo bado hazikuwa na madirisha.

Alifungua boneti kabla gari halijatulia sawasawa.

Nyuma ya injini, pale alipotia sili mpya, poda ilikuwa nyeupe kabisa. Lakini ubavuni, chini ya bomba la moshi, palikuwa na bati dogo lililofungwa kwa bolti, na kwenye ukingo wa chini wa bati hilo poda ilikuwa imelowa. Mchirizi mweusi, mwembamba, ulianzia hapo ukateremka ukielekea nyuma.

Haidari aliutazama bila kuugusa.

"Sili yangu haina kosa," alisema polepole. "Ni gasketi ya hili bati, karatasi ya kuzibia chini yake."

"Basi ni kitu kidogo."

"Ngoja. Gasketi hii si ya zamani. Tuliitia mimi na Dishon. Kwa nini ishindwe?" Alikuna kidevu, akaacha alama ya poda. "Acha injini iende. Kanyaga kidogo."

Lenah alikanyaga. Haidari alifungua kifuniko cha kutilia oili, akaweka kiganja juu ya tundu. Hewa ya moto ilimsukuma kiganja, na moshi ukapenya katikati ya vidole. Aliondoa mkono, injini ikatoa pumzi ndefu chafu usoni pake. Alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Haipumui," alisema. "Kuna bomba la kutolea hewa ya ndani. Limeziba. Ukienda polepole inavumilia, ukipanda mlima hewa inajaa, inatafuta pa kutokea, inaisukuma oili kwenye gasketi. Ningetia sili nyingine kumi na zisingenisaidia."

"Kwa hivyo litapona."

"Kabla ya magharibi utakuwa nalo. Kesho alfajiri unaondoka."

Alitegemea afurahi. Lenah alizima gari, akakaa na mikono kwenye usukani, akiangalia mahindi.

"Kesho," alisema.

"Kuna nini, shemeji?"

"Hakuna."

Aligeuza gari, wakarudi Shauri Moyo.

Waridi alikuwa bado yuko, ameshaletewa chai na jirani. Haidari alijilaza chini ya gari, akafungua bomba la hewa pamoja na kopo lililokuwa mwishoni mwake. Ndani ya kopo palikuwa na wavu wa waya, na wavu ulikuwa umegeuka donge, oili iliyoungua ikashikana na vumbi kama lami. Alilichokoa kwa msumari, akalichovya katika petroli, akalichokoa tena. Kisha akapima bati kwenye karatasi ya koki, laini kama kizibo cha chupa, na kuanza kukata gasketi mpya kwa wembe.

Huku nyuma aliwasikia wanawake wakizungumza, mwanzoni kwa sauti ya chini.

"Wewe hutaki gari lipone," Waridi alisema.

Wembe wa Haidari ukasimama.

"Limuru halikuvuja sana," Lenah alisema hatimaye. "Lilidondoka kidogo tu. Ningeongeza oili nikaenda. Nilipoliona nilisema moyoni, afadhali. Nikageuza."

"Unaogopa nini huko?"

"Shitanda. Ndugu yake Dishon. Alituma neno kwamba nikija nilete ufunguo, gari ni la ukoo. Na wakishamaliza kuzungumzia gari watazungumza habari yangu mimi, nitakuwa wa nani. Yeye ana mke tayari. Na Nerima yuko kwao, kwa bibi yake, tangu tuzike. Nilimwacha kwa sababu ya zamu za usiku. Nikikataa hili na lile, wataniambia mtoto ni wao, rudi Nairobi peke yako. Nisipokwenda, hakuna wa kuniambia hivyo."

"Lakini mtoto huna vilevile."

Haidari alitamani atoke chini ya gari na kusema kitu, lakini hakujua ni kitu gani. Kama Dishon angekuwepo, angejua. Akarudia kukata. Wembe ukateleza, gasketi ikachanika, ikambidi aanze upya.

"Ungeenda na mtu," Waridi alisema.

"Nani? Kaka yangu yuko Tanga. Na Haidari nikienda naye, viti viwili, mimi mjane, wataongea mpaka mwakani."

"Nitakwenda mimi."

Haidari aligonga kichwa kwenye chuma.

Alitoka chini ya gari akiwa ameshika paji la uso. Waridi alikuwa amesimama, anakung'uta buibui lake vumbi la tairi. Alizaliwa Majengo, akaolewa Majengo. Safari yake ndefu ilikuwa Mombasa kwa gari la moshi, tena mara moja.

"Waridi, huko ni mbali. Huna mtu unayemjua."

"Namjua huyu." Alimwelekeza Lenah kwa kidevu. "Nitakaa karibu naye. Mbele ya mgeni watu huchunga ulimi. Wasipochunga, basi nitakuwa nimesikia, na yeye hatakuwa peke yake akiambiwa. Wewe funga gasketi yako."

Haidari alifunga gasketi. Alikaza bolti moja moja kwa zamu, kidogo hapa, kidogo kule, ili bati likae sawa. Alirudisha bomba, akatia oili, akalipeleka gari mwenyewe hadi Donholm na kurudi kwa gia ya pili, watu wakimtukana njia nzima. Katoni ya jioni ile ilibaki kavu. Omolo alikuja kuitazama, akainama, akaipapasa.

"Bati la ubavuni?"

"Na pumzi."

"Mimi ningeshusha injini," Omolo alikiri, akaenda zake.

Waliondoka Ijumaa alfajiri. Haidari alimwonyesha Waridi jinsi ya kuchomoa kijiti na kusoma oili, akamwambia waitazame Nakuru, na tena wakishapanda Timboroa. Akamweleza mara mbili. Gari lilipopinda kona alibaki barabarani na spana mkononi.

Siku mbili hizo hazikumkalia. Msikitini alirukuu kabla ya imamu. Jumamosi alifungua kabureta ya pikipiki ya mtu, akaifunga, akaona skrubu moja imebaki, akaifungua tena. Aliwaza Timboroa na baridi yake, akaliwaza bati, akajiuliza kama ile bolti ya mwisho aliikaza au alidhani ameikaza. Kisha akamwaza huyo Shitanda, mtu asiyewahi kumwona, akampa sura mbaya na mabega mapana.

Jumapili, saa ya alasiri, alisikia mngurumo kabla ya kuona gari. Liliingia kiwanjani limejaa matope hadi kwenye vioo. Waridi alishuka kwanza, akijinyoosha kiuno. Lenah akafuata, akainamisha kiti. Kutoka kwenye ule upenyo wa kutupia mkoba akajitokeza msichana mrefu, mwembamba, magoti kwanza, akiwa amekumbatia jogoo aliyefungwa miguu.

"Msalimie baba yako mdogo," Lenah alimwambia.

"Shikamoo," Nerima akasema, akainama kidogo, jogoo akapiga mbawa.

"Marahaba, mwanangu," Haidari alisema.

Waridi ndiye aliyesimulia, amekaa palepale kwenye tairi. Shitanda aliuomba ufunguo mbele ya watu wote, sala haijapoa. Lenah aliushika tu, hakuutoa, na Waridi akamshika mkono. Ndipo bibi kizee, mamake Dishon, akasema kabla ya mazungumzo yoyote anataka apandishwe gari la mwanawe. Lenah akampandisha. Walikwenda wawili tu hadi sokoni Kimilili, wakakawia mpaka watu wakaanza kunong'ona. Walichozungumza ndani ya gari hakuna aliyeambiwa. Waliporudi, kizee alishuka akamwambia Shitanda kwamba aliyelileta gari ndiye atakayelirudisha, na asubuhi mtoto afungiwe nguo zake.

"Na Shitanda? Ni jitu la mabega mapana?" Haidari aliuliza.

"Alikasirika. Bado amekasirika, nadhani. Hakutuaga." Waridi alisugua magoti yake. "Na hana mabega. Ni mtu mdogo tu, ana kikohozi. Jogoo ni wako, kizee amekuletea."

Lenah alikuwa amesimama karibu na binti yake, akimpangusa vumbi kwenye nyusi kwa ncha ya leso. Hakuwa akitembea huku na huku. Alionekana amechoka sana.

"Shemeji," alisema, "tulipopita Naivasha nilisikia gurudumu la mbele likilia. Upande wa kushoto."

"Linaliaje?"

"Nikipiga kona tu."

Haidari alimpa Omolo jogoo amshikie, akaenda kutafuta jeki.