Sare ya Kitambi

Kwanza ieleweke kwamba Fundi hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa fundi cherehani, wa magauni na sare za shule, na mtaa mzima ulimwita Fundi mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Lakini gemu moja alilijua kama anavyoujua mkasi wake. Lilikuwa gemu la zamani la kupigana, ambalo yeye na kaka yake walianza kulicheza wakiwa bado wanavaa kaptura na sketi za shule ya msingi. Mashine yake ya kwanza ilishakufa siku nyingi. Siku hizi gemu liliishi ndani ya kompyuta nzee iliyounganishwa na televisheni sebuleni kwa kaka, pamoja na vidude viwili vya kuchezea vilivyofungwafungwa kwa selotepu. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana watu wazima hao, mmoja ana miaka arobaini na moja na mwingine arobaini na sita, walikaa chini wakatwangana bila aibu.

Kaka hakuwahi kubadilisha mpiganaji. Wake alikuwa mzee mnene mwenye joho la kahawia, waliyempa jina la Kitambi. Wa Fundi alikuwa mwanamke mrefu mwenye mateke ya kuchosha, Bi Miguu. Kitambi alikuwa mzito lakini akikushika umekwisha, na kaka kwa miaka yote hiyo alikuwa akimshika Bi Miguu na kumbwaga chini huku akimwuliza dada yake kama anataka kuitiwa daktari.

Kisha macho yakaanza. Kaka alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Alipita nyumba kwa nyumba na sare yake ya buluu iliyoiva na daftari mkononi, akachungulia namba ndogo zilizojificha chini ya vifuniko vyenye kutu. Alipoanza kukosea namba, kwanza alisingizia kutu, halafu akasingizia miwani. Mficha uchi hazai. Alipokwenda hospitali presha ya macho ilikuwa imekula pakubwa. Daktari alimwambia kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone. Kilichobaki kilikuwa kama kuitazama dunia kupitia pazia la nailoni. Mwanga na giza alivitofautisha, lakini rangi mbili zilizokaribiana kwake zilikuwa kitu kimoja.

Kazini walimstaafisha kwa heshima na barua. Akaacha baiskeli, akaacha karata, akaacha kusoma magazeti kwa sauti na kuwatukana viongozi. Kilichobaki ni Jumapili.

Hapo ndipo Fundi alipofanya kosa, na mimi siwezi kumtetea. Alianza kumwachia. Bi Miguu akawa anarusha mateke pembeni, anarudi nyuma bila sababu, anamsogelea Kitambi kwa adabu ili ashikwe. Kaka alishinda Jumapili nne mfululizo. Ya tano, muda wa raundi ulipokwisha na gemu likamtangaza Kitambi mshindi, kaka hakushangilia.

"Nimeshinda?" aliuliza.

"Umeshinda, kaka. Umenitia adabu."

"Nimepiga ngumi moja ya mwanzo, halafu nikaweka kidude chini. Kipo hapo kwenye mkeka. Sasa niambie, wewe muda wote ulikuwa unapigana na nani?"

Fundi alikitazama kidude kwenye mkeka.

"Watu wote wananihurumia," kaka alisema, wala hakupaza sauti. "Jirani ananishika mkono kuvuka mfereji ambao nimeuruka miaka ishirini. Sawa. Lakini wewe? Mwisho wa mwezi kuna mtu nampa hii kompyuta. Mimi na gemu basi."

Akanyanyuka kwenda chumbani. Mke wake, ambaye yeye na Fundi waliitana wifi kwa upendo na kwa ugomvi vilevile, alibaki amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo.

"Wifi, umeharibu," alisema.

"Najua, wifi."

Jumatatu asubuhi Fundi hakugusa cherehani. Alikwenda kibanda cha pili, kwa Mama Fotokopi. Mama huyo alitoa nakala, alipiga picha za pasipoti, na kwa kompyuta yake alikuwa amewavisha suti wanaume wengi ambao katika maisha yao hawajawahi kuishika suti. Mtu alikaa na fulana, akatoka na tai. Fundi alimweleza shida yake: Kitambi amevaa kahawia, uwanja anaopigania ni wa kahawia, na kaka hamwoni. Je, anaweza kuvuliwa akavishwa kitu kingine?

Mama Fotokopi alilitaka gemu lenyewe kwenye flashi, akahangaika nalo siku mbili katikati ya wateja. Ya tatu akamwita.

"Njoo uone mambo yako. Kumbe ndani huyu mtu ni umbo tupu, kama sanamu la dukani. Nguo na ngozi ni picha bapa anazovishwa juu. Ukibadilisha picha, umembadilisha na yeye."

Fundi aliinama kwenye kioo. Pale palikuwa na picha ndogo ya mraba, na juu yake vimetandazwa vipande: kifua cha joho, mgongo wa joho, mkono, uso uliobandikwa kama ngozi ya ng'ombe inayoanikwa.

"Hii si kompyuta," alisema. "Hii ni nguo imekatwa haijashonwa! Lakini mbona mkono mmoja?"

"Wa pili ni huohuo, wanaugeuza. Zamani nafasi ilikuwa ndogo, walibana."

"Wezi wa kitambaa," Fundi alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile alicheka.

Jaribio la kwanza lilikuwa la manjano. Walimpaka Kitambi rangi kali mpaka Mama Fotokopi akasema huyu sasa ni ndizi. Jumapili Fundi aliipeleka, na wifi yake akambembeleza kaka mpaka akakubali kukaa raundi moja. Kaka aliegemea mbele, akakunja uso.

"Mmebadilisha nini?"

"Joho. Ni la manjano sasa."

"Manjano." Alibonyeza, na Kitambi akarusha ngumi upande usio na mtu. Akabonyeza tena. "Uwanja wa mchanga, nguo ya manjano, mimi naona uji. Asante kwa kujaribu, mdogo wangu. Lakini yatosha."

Alisema "mdogo wangu" kwa upole, na upole huo ulimuuma Fundi kuliko kama angetukanwa.

Basi akafa moyo. Zilibaki siku saba mwezi uishe. Akajiambia kwamba kama Kitambi anaondoka, na aondoke na nguo ya heshima, na yeye abaki na picha yake moja ya kutundika kibandani. Hakuwa tena na nia ya kumsaidia mtu kuona. Alitaka kuaga tu. Alichagua buluu iliyoiva, ile ya wasoma mita.

Alikaa kwa Mama Fotokopi alasiri mbili. Kwanza alifuta vipande vyote vikawa vyeupe, kisha akaanza kupaka buluu nukta kwa nukta, kwa mkono wa mtu aliyekata sare elfu. Aliweka mifuko miwili kifuani, na kifuniko cha mfuko wa kushoto akakipinda kidogo, kwa sababu kaka alikuwa akiweka kalamu hapo na hakikuwahi kulala vizuri. Aliweka nembo ya idara, ndogo kama punje. Alipomaliza alijisifu kimoyomoyo.

Mama Fotokopi akamvisha Kitambi, akamsimamisha kwenye kioo. Kisha akaangua kicheko mpaka mteja aliyekuwa akijaza fomu akainua kichwa.

"Fundi! Umemfanya nini mzee wa watu?"

Kitambi alikuwa amevaa sare ya buluu, na pande zote za mwili wake, toka kwapani hadi miguuni, kwenye mabega, chini ya mikono yote miwili, ndani ya miguu, palipita mstari mweupe pe, mnene, kama amechorwa chaki na mwalimu mwenye hasira.

Fundi alielewa papo hapo. Alikuwa ameacha nafasi ya mshono. Kila kipande alikipaka buluu lakini ukingoni akabakisha upana wa kidole, kama anavyobakisha kila siku ili sindano ipate pa kupita. Hakufikiri. Mkono ulifanya wenyewe.

"Huku hakuna mshono, mwenzangu," Mama Fotokopi alisema akijifuta machozi. "Vipande vinakutana ukingo kwa ukingo."

"Nirekebishe?"

"Nina watu sita wa fomu. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu hatakuwepo," Fundi alisema. "Niwekee hivyohivyo. Anayeaga ni mimi."

Jumamosi mchana alifika kwa kaka, akaiweka sare ndani ya kompyuta huku wifi yake akichungulia begani. Televisheni ilikuwa na sauti ya chini. Kitambi alisimama uwanjani na mistari yake, Fundi akawa anamgeuza huku na huku apate pozi nzuri ya picha.

Kaka alipita kutoka uani na ndoo tupu. Alikuwa akielekea jikoni, na kichwa chake hakikuelekea televisheni hata kidogo. Akasimama.

"Nani huyo anageuka?"

Wifi alifungua mdomo, Fundi akamkanyaga mguu.

"Unaona mtu?" Fundi aliuliza.

"Si huyo hapo. Mnene."

Fundi alibonyeza.

"Kainua mkono," kaka alisema. Ndoo ilikuwa bado mkononi. "Kaushusha. Kachutama. Karuka, karuka tena. Mmemchora chaki?"

Fundi angeweza kusema ni ujuzi. Wallahi, ningekuwa mimi ningesema ni ujuzi na utafiti wa wiki nzima. Lakini yeye alikuwa amechoka kumdanganya mtu huyu.

"Nimekosea, kaka. Nimeacha nafasi ya mshono."

Kaka aliipima habari ile. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha zamani kinachoanzia tumboni, mpaka ndoo ikamtoka.

"Umeacha nafasi ya mshono kwenye televisheni!"

"Na sare ni yako," wifi alisema. "Amekushonea ya kazini. Na mfuko wako uleule mbovu."

Mfuko hakuuona. Alisogea karibu na kioo, akapapasa palipokuwa kifua cha Kitambi kwa kidole, kisha akarudi nyuma hatua tatu, mahali ambapo mstari ulionekana vizuri zaidi.

Fundi alitoka pale karibu anakimbia. Mama Fotokopi alikuwa anafunga, akalazimishwa kufungua. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Fundi alimwambia, na akamweleza. Kwa saa moja na nusu walimvua Bi Miguu nguo zake zote za rangi, wakampaka gauni jeusi, na safari hii Fundi aliacha nafasi ya mshono kwa makusudi, upana wa vidole viwili. Ili kaka asimchanganye na Kitambi, aliongeza pindo jeupe la upana wa kiganja chini ya gauni. Lilikuwa kosa kubwa la ushonaji, na alilipiga pasi, kwa namna ya kusema, likanyooka.

Jumapili baada ya chakula walikaa. Kaka alishika kidude, akavuta kiti mahali pake pa hatua tatu.

"Ukiniachia," alisema, "nitajua. Na safari hii sitachukia kompyuta. Nitakuchukia wewe."

"Sikuachii."

Raundi ikaanza. Mistari myeupe ikasogeleana. Kitambi alipiga, na ngumi ikatua pale ilipotakiwa kutua. Bi Miguu akarudi, kaka akamfuata, akamshika, akambwaga, na wifi akapiga kelele jikoni bila hata kuona. Fundi alishtuka kwa kweli. Akajikusanya, akaanza kupigana. Walipunguziana nguvu mpaka kila mmoja akabaki na punje ya uhai, na ndipo Kitambi akachelewa kuinua mkono, akabaki wazi kifua kizima.

Vidole vya Fundi vilisita. Ni sekunde isiyofika sekunde, lakini yeye aliisikia. Huruma ilimwambia arudi nyuma hatua moja, kama Jumapili zile nne. Alimpenda sana kaka yake wakati ule, na kwa sababu alimpenda alibonyeza kwa nguvu zote.

Teke lilimpata Kitambi kifuani na kumlaza chali. Gemu likamtangaza Bi Miguu.

Fundi hakuthubutu kugeuza shingo. Alisikia kaka akipumua, akasikia selotepu ya kidude ikikwaruzwa kwa kucha.

"Nimeliona," kaka alisema.

"Nini?"

"Hilo teke. Nimeliona likija, toka linanyanyuka. Nimezubaa tu, mzembe mimi." Aligeukia jikoni. "Mama watoto! Mpigie yule mtu mwambie kompyuta haitoki!" Kisha akavuta kiti mbele kidogo, akarudisha nyuma kidogo, akapapasa kidude mpaka kidole gumba kikapata mahali pake.

"Weka tena," alisema. "Na usijisahau, nimeshaujua mguu wako."