Namba Juu ya Mstari

Jumamosi ile mjukuu wangu alifagia sebule mara tatu. Mara ya tatu hapakuwa na vumbi hata la kusingizia. Akaosha vikombe safi, akaenda mlangoni, akarudi, akashika simu, akaiweka.

"Mke mwenzangu, kaa chini. Unanizungusha kichwa kama pia."

"Nimekaa, Bibi."

"Umekaa huku umesimama?"

Yeye huchora vyuma kwenye kompyuta, katika ofisi ya wahandisi. Miezi mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha wiki iliyofuata, ndipo apewe barua ya kazi au aambiwe kwaheri. Nilidhani ni hilo tu. Kumbe lilikuwapo jingine, na alilikumbuka asubuhi hiyo akipiga mswaki.

Jana yake bosi wake, wanayemwita Mzee Milimita kwa jinsi asivyosamehe hata unywele, alimwambia mabamba ya kushikilia tangi la maji la zahanati yaongezwe urefu, kutoka milimita mia na ishirini hadi mia na arobaini. Mjukuu wangu alikuwa na haraka. Badala ya kuvuta mstari, alifuta namba iliyoandikwa juu yake, akaandika nyingine. Mzee akasoma karatasi, akaona mia na arobaini, akatia sahihi.

"Sasa kosa liko wapi?" nikauliza.

"Mashine ya kukata haisomi namba, Bibi. Inafuata mstari. Na mstari bado mfupi." Akatazama saa. "Karakana wanaanza kukata saa mbili."

Ilikuwa saa mbili na robo.

"Si upige simu!"

"Karakana nimepiga, hawasikii kwa kelele. Nikimpigia Mzee, barua ndiyo basi tena."

"Na usipompigia?"

Alivaa viatu. Nami nikatafuta kandambili zangu. Hakuna aliyenialika, lakini karakana ni mitaa miwili tu, na mtoto anayetetemeka hatembei peke yake.

Mama anayeendesha mashine alituona mlangoni, akaona na uso wa mjukuu wangu. Alizima mashine kwanza, kisha akanisogezea kigoda, akakipangusa kwa aproni yake. Maswali baadaye. Kati ya mabamba sitini, kumi na mawili yalikuwa yameshakatwa.

Hapo ndipo mjukuu wangu alipompigia Mzee, sauti ikiwa wazi, sote tukisikia. Alieleza yote, bila kumsingizia mtu wala kusingizia haraka.

Mzee akauliza swali moja.

"Sahihi ya nani ipo pale chini?"

"Yako, mzee."

"Basi nami nilisoma namba, sikupima mstari. Hasara ya hayo kumi na mawili ni yetu wawili." Akakohoa. "Lakini barua itasubiri. Mwezi mmoja zaidi wa majaribio. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee. Asante."

Akaketi mbele ya kompyuta ya karakana, machozi yakimlengalenga, akavuta mstari hadi mia na arobaini. Akapima. Akafunga mchoro, akaufungua, akapima tena, mguu ukitikisika chini ya meza. Mara ya tano mama wa mashine akashika kiuno.

"Binti, vyuma hivi vitaota kutu vikikusubiri."

"Mara moja tu, shangazi," akasema, akapima tena.