Lugha Aliyoificha Fundi Hamduni

Mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla, fundi cherehani mmoja wa Bunda aitwaye Hamduni alikuwa akipeleka mashine yake Butiama kila siku ya gulio. Ilikuwa mashine ndogo ya mkono. Aliifunga kwenye keria ya baiskeli, akalala njiani Kiabakari kwa rafiki yake, na asubuhi alikuwa ameshaketi barazani mwa duka la Butiama, akishona magauni ya ubatizo na kutia viraka kaptura za wafugaji. Wateja wake walikuwa Wazanaki, wengi wao Wakatoliki. Yeye alivaa kanzu na kofia, na sala ikifika alitandika mkeka wake kando. Mtu akimwuliza kabila, alijibu, "Mimi Mswahili," na mazungumzo yakaishia hapo.

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa kaskazini, kwa Wakuria, akaitwa Matiko. Mwaka wa njaa mama yake alimshika mkono wakatembea hadi Musoma. Mama akafa kwa homa wiki ile ile waliyofika. Mtoto wa miaka minane akachukuliwa na mzee Shomari, fundi ambaye baba yake alikuwa Mmanyema na mama yake Mnyamwezi. Shomari alimpa jina, dini na kazi. Alimpa na onyo pia: "Huku watu wanaibiana ng'ombe na kuuana. Mswahili hana ng'ombe, kwa hiyo hadaiwi damu na mtu. Kuwa Mswahili, mwanangu, uishi."

Akawa. Hata mkewe Mwanahalima, binti kutoka mtaa wa Nyakato, alijua tu kwamba mumewe ni yatima wa Musoma.

Asubuhi moja alifika Butiama akakuta gulio halijafunguliwa. Hapakuwa na mihogo wala samaki chini. Watu walikuwa wamejaa mbele ya duka, wanaume wote na mikuki au marungu, na wote walikuwa wanapiga kelele. Ng'ombe kumi na wanne walikuwa wameibwa alfajiri. Mchungaji wao, Clementi, alichomwa mkuki wa paja. Alikuwa amelazwa kivulini, akisema kwamba wezi walikuwa wakiitana kwa Kikuria.

Na walikuwa wamemkamata mtu. Walimkuta mtoni akinywa maji, mgeni, ana fimbo na kifurushi, hajui Kizanaki wala Kiswahili. Walimfunga kwenye nguzo ya baraza, hatua mbili kutoka pale Hamduni alipozoea kuweka mashine.

Hamduni aligeuza baiskeli taratibu. Vijana wawili walishika usukani.

"Hakuna kutoka, fundi," alisema Leonardi, mwanangwa aliyekisimamia kijiji kile, mtu mzima aliyekuwa na rozari shingoni. "Tumetuma mtu Musoma kuita askari. Mpaka wafike, kila mtu akae alipo."

Akaketi. Angefanya nini? Alishusha mashine akajifanya anatunga uzi kwenye sindano. Uzi ulipita kando ya tundu mara tatu.

Yule mfungwa alikuwa anasema. Alisema maneno yale yale tena na tena, mdomo umevimba, na Hamduni alielewa kila neno. Miaka ishirini na tano hakuisikia lugha ile, na sasa iliingia masikioni mwake kana kwamba mtu alikuwa akimwita kula.

"Nimekuja kwa dada yangu. Mama yetu amekufa. Nimekuja kumwambia dada yangu."

"Anatutukana huyo!" alipiga kelele kijana mmoja.

"Anaita wenzake!" akasema mwingine. "Hao askari watafika kesho. Tunawangojea wa nini?"

Rungu likatua begani mwa mfungwa. Hamduni aliruka kidogo kwenye kigoda chake. Mfungwa akaliona hilo. Akamkazia macho.

"Wewe mwenye kofia," alimwambia kwa Kikuria. "Unanisikia. Nimeona uso wako. Waambie dada yangu ni Robi. Waambie!"

Kelele zikapungua. Vichwa vikageuka.

"Anakusemesha nini, fundi?" aliuliza Leonardi.

Hamduni aliinamia mashine. Alifikiria wanawe watatu. Alifikiria njia ya Bunda, ndefu, na vichaka vyake.

"Sijui," alisema. "Mimi Mswahili."

Mfungwa alimtazama kitambo. Kisha akainamisha kichwa, akanyamaza, hakusema tena. Kunyamaza kule kulimtisha Hamduni kuliko kelele zote. Kijana mmoja alitoka mbele na panga, na hakuna aliyemshika mkono. Leonardi alisema, "Ngojeni, ngojeni kwanza," lakini alisema kama mtu anayejua hatasikilizwa.

"Amefiwa na mama yake!" Hamduni alipiga ukelele. Alikuwa amesimama, hakujua alisimama lini. "Anasema mama yake amekufa, anamtafuta dada yake ampe habari. Hajatukana mtu."

"Umejuaje?"

Alishika mashine kwa mikono miwili. "Mimi Mkuria," alisema. "Nilizaliwa Matiko."

Walimrukia. Kofia ilianguka, kanzu ikachanika mpaka kiunoni. "Kumbe ndiyo maana ulikuwaga unakuja kila gulio! Kuhesabu ng'ombe zetu!" Mtu alimkaba kwa nyuma, akasikia pumzi ya moto sikioni na ncha ya kitu mbavuni. Akafumba macho. Alitaka kutoa shahada na maneno hayakuja, si kwa Kiarabu wala kwa lugha nyingine yoyote.

"Mwacheni aseme!" Safari hii Leonardi alijitia katikati yao, mikono wazi. "Nimesema mwacheni! Fundi, huyo dada ni nani?"

"Robi," Hamduni alijibu.

"Hapa hakuna Robi. Wanawake wote wa hapa nawajua."

Hamduni akamwuliza mfungwa. Maneno yalitoka ya kitoto, ya mtoto wa miaka minane, kwa kuwa hayo ndiyo aliyokuwa nayo. Yule mtu, ambaye jina lake lilikuwa Nyamhanga, alijibu haraka haraka. Dada aliolewa miaka minane iliyopita na mtu aliyekuwa akifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu. Alikuwa na kovu la moto mkono wa kushoto, tangu utotoni.

Hapo Hamduni akamtambua dada huyo. Mwezi uliopita alimshonea gauni mke wa Makongoro, yule wa mgodini, aitwaye Benedikta, mama wa watoto wawili. Benedikta aliomba mikono mirefu ingawa ilikuwa joto, na Hamduni alipokuwa akimpima aliliona kovu. Na sasa alikuwa pale pale, nyuma ya wanawake wengine, amejifunika kanga mpaka puani. Mama mkwe wake, bibi Jenoveva, alikuwa amemshika nguo kwa nguvu.

Neno moja tu lingemtosha Hamduni kuokoka. Lakini aliijua hofu ile ya chini ya kanga kama anavyoijua sindano yake. Hakumtazama tena.

"Mtu akihamia kwa watu hupewa jina lingine," alisema. "Mimi nilipewa. Msitafute jina. Ana kovu la moto mkono wa kushoto. Kama yupo, atajua mwenyewe la kufanya."

Nzi walikuwa kwenye damu ya Nyamhanga. Mwenye panga alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda wa pili.

Kisha Benedikta alimbandua mama mkwe vidole, kimoja kimoja, akapita katikati ya watu. Alivuta mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko. Hakusema nao neno. Alipiga magoti mbele ya ndugu yake akamwuliza kitu kwa sauti ndogo, naye akamjibu, na mwanamke akalia. Alilia kwa Kikuria, akimwita mama yake, na Butiama nzima ilielewa.

Bibi Jenoveva ndiye aliyekuja kumshika mabega. "Ni mke wa mwanangu," aliwaambia watu. "Anayemtaka aanze na mimi."

Leonardi alikata kamba mwenyewe.

Askari walifika alasiri, wakaandika maelezo. Clementi, alipobanwa, alikubali kwamba alisikia ukelele tu gizani, na kwamba alidhani ni Kikuria. Ng'ombe hawakupatikana, wala haikujulikana nani aliwachukua.

"Jina?" askari alimwuliza Hamduni.

"Hamduni bin Shomari."

"Kabila?"

Alichelewa kujibu, mpaka askari akainua kalamu na kumtazama. "Mkuria," alisema.

Alirudi Bunda akigeuka nyuma kila alipopita kichaka. Nyumbani alimweleza Mwanahalima yote kabla habari haijafika sokoni. Mkewe alisikiliza akiwa ameshika kanzu iliyochanika.

"Kumbe kila siku uliogopa nami sijui," alisema mwishowe.

"Niliogopa utaondoka."

"Ningeondoka niende wapi? Baba yangu Mrangi, bibi yangu Mganda." Akaitupa kanzu chini. Alikuwa amekasirika kwelikweli. "Nimekuzalia watoto watatu, Hamduni, na sijui hata bibi yao aliitwa nani. Wangeniuliza ningewaambia nini?"

Hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu aliketi kushona ile kanzu, akamwita wakae pamoja, akamwambia amsimulie, aanze na mama yake.