Mashimo Chini ya Mtambo

Asubuhi ile maji hayakufika kwenye mtambo wa kumenya kahawa. Pankras, fundi wa kikundi cha wakulima, alizungusha mkono wa mashine mpaka jasho likamtoka, lakini kahawa mbivu zilikwama ndani kwa kukosa maji ya kuzisukuma. Hildegardi Ndunguru, mwenyekiti wao, aliweka ungo chini akaufuata mfereji kupanda mlima.

Juu aliwakuta wanawake wa bondeni wameketi juu ya mawe waliyoyapanga kuziba mdomo wa mfereji. Mbele yao alikuwa Luisa, mjane anayefuga ng'ombe kule kijito kinakopita kikielekea Ziwa Nyasa.

"Habari za asubuhi, dada Luisa."

"Si nzuri, dada. Maji mnayotuletea yananuka kama pombe iliyochacha. Ndama wangu wameyakataa, na watoto wakioga wanawashwa. Tulimtuma mtu kwenu, akaambiwa tusubiri mvua."

Hildegardi hakuhitaji kuuliza nani alijibu hivyo. Pankras alikuwa ameshafika nyuma yake pamoja na wanaume wawili, akihema.

"Nimeagiza mgambo," alisema Pankras. "Mfereji huu ni wa kikundi."

"Mgambo waje kufanya nini? Kunusa?" Hildegardi hakupandisha sauti. "Leo hatumenyi kahawa."

"Na iliyochumwa jana?"

"Ianikwe na maganda yake. Tutaiuza hivyo hivyo, bei itakayopatikana."

Wanaume walinung'unika, maana kahawa ya namna hiyo haina bei nzuri. Yeye alishaanza kuteremka na Luisa.

Zamani kila nyumba ilimenya kahawa yake uani, na maganda yakatawanyika migombani. Ushirika ulipolegea na wanunuzi binafsi kuruhusiwa, kikundi kilinunua mtambo mmoja kwa ajili ya mlima mzima, nao uchafu wa mlima mzima ukawa unaingia kijitoni mahali pamoja. Hildegardi ndiye aliyepigania mtambo ule, wala hakuwa na nia ya kuuacha. Lakini alipofika kwenye kivuko cha Luisa akaona mawe yamevaa ute wa kijivu, na povu limesimama kwenye maji machache ya kiangazi, alijua mambo hayawezi kuendelea hivyo.

Aligeuka akatazama walikotoka. Mlima wote ulikuwa umechimbwa ngoro, mashimo yale ya Wamatengo yaliyopangwa kama masega ya nyuki.

"Mashimo haya yanameza mvua ya masika na udongo hauondoki," alisema. "Tuyachimbe chini ya mtambo, maji ya kahawa yaishie humo."

"Chini ya mtambo si ndiko shamba lako la mahindi?"

"Ndiko. Nitalima kwingine. Ninyi njooni na majembe."

Kesho yake walikuja, wa bondeni na wa mlimani, wakachimba mashimo mapana yaliyopokezana kwenye mteremko, mbali na kijito. Maganda waliyachota kwa matenga wakayarundika pembeni. Pankras aliwaonya kwamba mashimo hayatatosha, lakini mfereji ukafunguliwa, mtambo ukaunguruma. Kabla ya jioni mashimo yalikuwa yamefurika, maji yakaanza kuitafuta tena njia ya kijitoni. Luisa na wenzake waliyawekea tuta haraka haraka, miguu imezama kwenye tope.

"Niliwaambia," alisema Pankras.

"Uliniambia. Sasa niambie kingine. Mashine inahitaji maji safi wakati wote?"

Pankras alikuna kidevu. "Ya kuoshea mwishoni, lazima yawe safi. Ya kusukuma kahawa, hapana."

"Basi ya kusukuma yarudi yasukume tena. Hiyo kazi ni yako, siyo yangu."

Pankras alikwenda zake. Kisha akarudi na pipa, chujio la waya na bati kuukuu alilolikunja kuwa mfereji mdogo. Alifunga, akafungua, akafunga upya. Walipojaribu, maji yaliyoingia shimoni yalikuwa machache, na udongo uliyanywa yote.

Siku hizo hizo lori la Abdulmalik, mnunuzi kutoka mjini Mbinga, lilifika. Mzigo haukuwa tayari.

"Mama, mimi siwezi kusubiri. Vikundi viko vingi."

"Nenda salama, baba. Ukipita tena utakuta kahawa iliyooshwa vizuri, utachagua mwenyewe."

Aliondoka. Aliporudi wiki chache baadaye alitia mkono kwenye magunia, akanusa kiganja, akaita vibarua wapakie.

Yale maganda hayakutupwa. Mbolea ya ruzuku ilikuwa imekoma, na ya dukani iliwashinda wengi. Luisa alileta samadi, wakaichanganya na maganda na majivu, wakafunika kwa majani ya migomba. Rundo lilipoacha kutoa joto, waligawana nusu kwa nusu, mlima na bonde.

Msimu uliofuata walikuja wageni kutoka kilima cha pili wakiulizia namna ya kumenya kahawa bila kugombana na majirani. Hildegardi aliwakaribisha, akaanza kueleza. Pankras akamkatiza kwa adabu.

"Niachie hapo, mwenyekiti," alisema, akiwaongoza wageni kwenye bati lake. "Sehemu hii ni yangu."

Hildegardi alimwachia, akateremka kwenda kumsalimu Luisa. Kivukoni ndama walikuwa wameinamisha vichwa, wanakunywa.