Faili Lililogoma

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, macho yamefifia, miguu juu ya stuli, akisubiri kusomewa maisha yake. Kila Jumapili alikuwa akisimulia, naye mwanawe, waliyemwita Karani, akigonga kompyuta kwa mbwembwe na kuitikia, "Enhe, endelea."

"Faili limegoma kufunguka," Karani alisema leo, akidhani yameishia hapo.

Kumbe mpwa wake, fundi kompyuta, alikuwa jikoni. Akatoka akijifuta mikono. "Hebu nilione, mjomba."

"Usijisumbue, mwanangu."

"Hata dakika haichukui."

Alibonyeza, faili likafunguka bila kinyongo. Juu kulikuwa na jina la bibi yake kwa herufi kubwa. Chini yake, jjjj kkkk ffff, ukurasa baada ya ukurasa. Ofisini kwa Karani wachapaji walikuwa wengine. Yeye alikuwa akitia sahihi tu. Kuchapa hakujua, na kusema hajui ndiko kulikomshinda. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mpwa wake alimtazama, kisha akaufunika uso wa kompyuta taratibu.

"Limeharibika, bibi. Hakuna kilichosalia."

Mama alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mwanawe, akaanza kumkanda vidole, kimoja kimoja.

"Pole, baba," alisema. "Na ulivyojichosha."