Sihaba Kwenye Kadi

Mwanamvua alifika kwenye steshenari ya Arafa, pale Dunda, akiwa ameshika simu yake. Bintiye mdogo, Sophia, alikuwa anaolewa, na kadi za mwaliko zilikuwa bado.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kadi yenye picha ya bibi harusi. Na ubavuni mwake umweke dada yake."

Huyo dada ni Sihaba, aliyekwenda Muscat kufanya kazi za ndani akiwa msichana mwembamba, na tangu hapo hajarudi. Ruhusa ya kuja harusini aliwaomba waajiri wake, akanyimwa.

Arafa akayachapa maneno ya mwaliko haraka kwenye kompyuta. Shida ilianza alipoingiza picha: kila alipoiweka, maneno yalisukumwa chini, hadi jina la bwana harusi likatumbukia ukurasa wa pili.

"Mkwe wangu ameshakimbia!" Mwanamvua akacheka.

Arafa naye akacheka, akabadili mpangilio, maneno yakaizunguka picha na kutulia. Kisha akauzungushia ukurasa pambo la mawaridi. Mwanamvua akalikataa.

"Asumini hamna?"

Arafa akatafuta, akapata vishada vyeupe vyenye majani membamba.

Picha ya Sihaba ilipigwa jikoni kwa watu, nyuma yake masufuria yamepangwa. Arafa akaikata, jiko likaondoka, ukabaki uso. Akaukuza.

Mwanamvua akasogeza kiti. Kwenye simu uso ule ulikuwa mdogo kama kucha. Sasa aliyaona mashavu yaliyojaa, mikunjo kando ya mdomo, na ushungi uliofungwa kwa namna ambayo yeye hakumfundisha.

"Amekuwa mtu mzima," alisema. "Na mimi sikuwepo."

Arafa akaipiga picha ile kadi iliyokuwa kwenye kioo cha kompyuta kwa simu ya Mwanamvua, akamtumia Sihaba aione. Haikupita muda, jibu likaja, la sauti.

"Mama, nzuri sana. Lakini nitoe. Watu wakiniona kwenye kadi watadhani nimekuja. Watanitafuta ukumbini, watamuuliza Sophia, naye atalia siku yake ya furaha. Nitoe, mama."

Mwanamvua akairudia, akaizima kabla haijaisha.

"Mtoe."

Arafa akabonyeza. Sihaba akapotea, Sophia akabaki peke yake upande mmoja wa karatasi.

"Nimsogeze katikati?"

"Msogeze."

Kadi zilikuwa zimeanza kutoka kwenye printa Mwanamvua alipomgusa Arafa bega.

"Unaweza kumrudisha? Si kwa wageni, kwangu mimi. Karatasi moja, yeye peke yake, na asumini zake."

"Chini niandike nini?"

"Usiandike kitu."

Alikataa bodaboda, akiogopa upepo utaikunja. Alitembea hadi nyumbani, bahasha ya kadi kwapani, ile karatasi ameibeba kwa mikono miwili.

Sophia alizipokea kadi kwa vigelegele, akazipekua, akasifu maua. Halafu akaiona karatasi iliyobaki mkononi mwa mama yake.

"Na hiyo?"

"Hii yangu."

Sophia akachungulia. Furaha ikamtoka usoni, akaketi kitandani.

"Mama, hata mimi namtaka."

Mwanamvua akaketi karibu naye, akailaza karatasi katikati ya magoti yao. Sophia alilia, na mama yake hakumwambia anyamaze.