Mafuta ya Chaza

Miaka thelathini bibi mmoja alichimba chaza kwenye matope yaliyo chini ya ukuta wa kiwanda cha kusafisha mafuta, na wenzake walimwita Bi Tope. Alikuwa na kipimo chake. Akiona nyayo zake zinajaa maji yenye utando wa rangi rangi, husema, "Hapa pana mafuta," akainama kuchimba. Chaza wa hapo walikuwa laini, wanateleza mdomoni. Hata wateja walimsifu: chaza wako wana mafuta, bibi.

Mwaka huo mke wa mwanawe alishika mimba, baada ya mbili kuharibika. Bi Tope akaapa kwamba hii ya tatu haitatoka kwa mama kukosa chakula. Kila mchana alimpelekea bakuli la supu ya chaza.

"Kunywa, mwanangu. Mtoto anataka mafuta."

Mkwe alishukuru, macho pembeni, upindo wa nguo puani. Mimba inachagua, Bi Tope alijisemea, akaondoka zake.

Siku moja alikuja mwanamke wa maabara, mwenye buti za mpira na kikapu cha chupa, kupima matope. Alipomwona Bi Tope anachimba mikono mitupu, alivua glavu zake akampa. "Chukua, mama, ninazo nyingine." Hakuwa nazo. Baadaye Bi Tope alimwona akichota tope kwa vidole, uso umemkunjamana.

Matokeo yakabandikwa mlangoni pa ofisi ya mtaa. Bi Tope aliyafuata kwa kidole, herufi kwa herufi. Sehemu ya tatu, chini ya ukuta: mafuta, mengi mno.

"Mnaona?" akawageukia wenzake. "Hata wasomi wamekiri!"

"Haya, sasa tutakukoma," shoga yake alisema. "Kesho utatutoza kiingilio."

"Kwako wameandika kidogo. Ndiyo maana chaza wako wamekonda kama wewe!"

Wakacheka. Mwanamke wa maabara, aliyekuwa amesimama pale na kikapu chake, hakucheka. Alimketisha Bi Tope kwenye benchi.

"Mama, hayo si mafuta ya chaza. Ni ya kiwandani. Yanavuja miaka na miaka, yamezama kwenye tope, na chaza wanayala."

"Mbona wananona?"

Akatoa chupa ya tope na maji, akaitikisa. Tope likatua chini. Juu kikabaki kitu cheusi, kizito, kimeng'ang'ania kioo kama kamasi. Akafungua kifuniko. "Nusa."

Bi Tope akanusa. "Sisikii kitu."

Karani aliyekaa dirishani alikohoa, akaziba pua, akafunga dirisha kwa kishindo. Bi Tope akalitazama lile dirisha. Kicheko kikamwisha.

"Na mwenye mimba akila?"

"Asile, mama. Hata tone."

Alifika nyumbani kwa mwanawe anahema. Bakuli la mchana lilikuwa mezani, tupu, ukingoni limebaki na mduara mweusi.

"Umekunywa?" aliuliza. "Siku zote hizi umekunywa?"

Mkwe akaangua kilio. "Nisamehe, mama. Nilionja siku ya kwanza tu. Inanuka kama gereji."

"Unaipeleka wapi?"

Akamwonyesha nyuma ya jiko. Supu ya miezi minne ilikuwa imeganda kwenye mfereji, ngozi ya kijivu yenye kung'aa, nzi wamenasa humo miguu juu. Paka alipita mbali, hakutaka hata kunusa. Bi Tope alikumbuka alivyomlea mwanawe kwa supu hiyo, akimlambisha kijiko. Akalikumbuka tumbo lake mwenyewe, lililoinywa miaka yote hiyo. Akashika ukuta, akatapika mpaka machozi yakamtoka.

Mkwe alimshika paji la uso, kama anavyoshikwa mtoto.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unakuja unatabasamu, mama. Ningeanzia wapi?"

"Umenidanganya vizuri, mwanangu," Bi Tope alisema akijifuta mdomo. "Mungu akulipe." Akarudi ndani, akaliinua bakuli alitupe, akalileta puani. Hakusikia kitu. Akainusa mikono yake. Hakusikia kitu.

"Nambie kweli. Na mimi nanuka hivyo?"

Mkwe alileta beseni na sabuni, akaketi na tumbo lake, akaanza kumwosha kidole kimoja kimoja, akigeuza uso kando kila alipotaka kuvuta pumzi.

"Bado?"

"Bado, mama."

"Basi sugua."